Methani Zizini: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Mfugaji wa Mombasa

Methani haionekani wala hainuki. Kinachokukata pua ukiingia zizini Mshomoroni, Mtopanga au Mtongwe ni amonia na gesi za salfa. Methani yenyewe inapita kimya. Kwa hiyo dalili zake hazisomwi hewani. Husomwa kwenye maziwa, kwenye shimo la samadi, kwenye moto wa jiko la bayogesi, na mara nyingine kwenye karatasi ya hesabu ambayo imekataa kulingana.

Kwa nini tuisumbukie? Kilo moja ya methani ya mifugo hupasha dunia joto kama kilo 27 hivi za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na kama kilo 80 kwa kipimo cha miaka 20. Lakini haikai sana hewani, ni kama miaka 12 tu, kwa hiyo anayeipunguza leo matokeo yake huonekana mapema. Mifugo peke yake hutoa karibu theluthi moja ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu. Na kwa mfugaji kuna jambo la karibu zaidi na mfuko wake: methani ni chakula ulichokinunua kikapotea. Takribani asilimia 6 ya nguvu iliyomo kwenye majani anayokula ng'ombe hutoka mdomoni kama mbweu bila kuwa maziwa wala nyama.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, usisome yote kama huna haja. Ila msimamo wangu nautoa mapema: kwa joto la Pwani, anza na mavi kabla ya mbweu. Ushauri mwingi unaotufikia umeandikwa kwa watu wa bara au wa Ulaya, ambako baridi inawasaidia kuzuia shimo la samadi lisichemke. Sisi hatuna baridi hiyo.

Mita inasoma mambo yasiyoeleweka

Vijana wengi siku hizi hununua kihisi kidogo cha gesi kiitwacho MQ-4, wanakiunganisha na simu au kompyuta ndogo, kisha wanakitundika zizini. Malalamiko huwa matatu.

La kwanza: namba haibadiliki, iwe ndani ya zizi au barazani. Kihisi hakijaharibika. Hewa ya kawaida ina methani chini ya sehemu 2 kwa milioni, na zizi lililo wazi lenye upepo wa bahari huongeza kidogo tu juu ya hapo. Kihisi cha aina hii kimetengenezwa kutambua mamia na maelfu ya sehemu kwa milioni, yaani bomba linalovuja. Kukitumia kupima pumzi ya ng'ombe ni kupima uzito wa sindano kwa mzani wa gunia.

La pili: asubuhi inasoma juu, mchana inashuka, na wewe unadhani ng'ombe wanateuka zaidi alfajiri. Huo ni unyevu. Vihisi hivi hubadilika kwa unyevu na joto, na Mombasa alfajiri hewa imelowa. Tena kikiwa kipya kinataka kuachwa kwenye umeme siku nzima au zaidi kabla ya kuaminika. Anayekiwasha dakika kumi kabla ya kusoma anaandika namba za kihisi kinachopata joto.

La tatu: kinaruka ghafla ukisogea penye sailaji (majani yaliyovundikwa), au mtu aliyejipulizia manukato akiingia. Mvuke wa spiriti nao hukigusa, na gesi ya mtungi pia. Kibakishe kihisi kwa kazi moja kinayoiweza, kutafuta uvujaji karibu na bomba na vali za bayogesi.

Kuna vifaa vya leza vinavyoelekezwa puani mwa ng'ombe. Hivyo vinaona methani kweli, lakini hutoa wingi wake kwenye mstari wa mwanga, si gramu kwa siku, na upepo ukibadilika namba nayo hubadilika. Vipimo vya uhakika hufanywa kwenye vyumba maalumu ambamo ng'ombe anafungiwa na hewa yote inayoingia na kutoka inapimwa. Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kule Nairobi kinavyo. Mfugaji wa Kisauni hana haja navyo. Ana haja na mzani, kalamu na daftari.

Hesabu imetoka kubwa mno, au ndogo mno

Njia inayokubalika kimataifa, ile ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, huanza na chakula. Kila kilo ya chakula kikavu ina nguvu ya megajuli 18.45. Chukua asilimia 6.5 yake, gawanya kwa megajuli 55.65 zilizomo kwenye kilo ya methani, unapata gramu 21 na nusu. Basi ng'ombe anayekula kilo 9 za chakula kikavu kwa siku hutoa takribani gramu 194 za methani, au kilo 70 kwa mwaka. Asilimia hiyo 6.5 inaweza kupanda au kushuka kwa moja, kwa hiyo usiandike desimali tatu ukajiona mwanasayansi.

Ukipata gramu 900 kwa siku, sababu karibu kila mara ni moja: umepima majani mabichi. Matete yaliyokatwa leo ni maji kwa sehemu kubwa. Kikavu chake ni kama asilimia 18 hadi 20. Kilo 50 za matete mabichi ni kilo 9 au 10 tu za chakula kikavu. Usikisie. Kata kilo moja ya majani hayo hayo unayolisha, yakatekate vipande vidogo, yaanike juu ya bati kwenye jua la kaskazi, uyapime kila jioni hadi uzito uache kushuka. Kinachobaki ndicho kikavu. Rudia majira yakibadilika, maana matete ya mvua za mwaka na ya Februari si kitu kimoja, na mzigo ulioletwa na mkokoteni kutoka kando ya barabara hauna uhusiano na ule wa shambani kwako.

Namba ikiwa ndogo mno, angalia kama umesahau pumba, mashudu na majani ya kabichi yanayotoka Kongowea. Na ikizidi kidogo tu, pengine hukutoa mabaki ya horini. Ng'ombe hula anachokula, si unachomwekea.

Kwa kulinganisha: ng'ombe mkubwa wa maziwa kati ya gramu 150 na 300 kwa siku ni kawaida. Mbuzi IPCC inamkadiria kilo 5 kwa mwaka, yaani gramu 14 hivi kwa siku. Wale mbuzi wa mtaani wanaolala barabarani Majengo wasikusumbue akili.

Ng'ombe anakula sana, maziwa hayapandi

Hapa ndipo mbweu inapokuwa hasara. Usihesabu methani kwa ng'ombe, ihesabu kwa lita. Ng'ombe wa lita 5 anayekula kilo 8 za kikavu hutoa gramu 172 kwa siku, sawa na gramu 34 kwa kila lita. Wa lita 12 anayekula kilo 12 hutoa gramu 259, zaidi kwa jumla, lakini kwa kila lita ni gramu 22 tu. Kwa soko lile lile la maziwa, wa pili ndiye mwenye hewa safi.

Chanzo cha kwanza cha kutazama ni umri wa majani. Matete yaliyorefuka kupita kichwa cha mtu yana ufumwele mwingi. Vijidudu vya tumbo la kwanza huyavunja polepole na kutoa hidrojeni nyingi, ambayo vijidudu vingine huigeuza methani. Kata yakiwa kati ya sentimita 60 na mita moja. Kama unanunua, pasua shina: likiwa gumu kama fimbo na lina utomvu mdogo, umeuziwa kuni.

Kisha maji. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto hutaka zaidi ya lita 60 kwa siku, na mfereji ukikauka wiki nzima huku boza likiwa ghali, mtu wa kwanza kupunguziwa huwa ng'ombe. Maji yakipungua, kula kunapungua, maziwa yanaanguka, na methani kwa lita inapanda.

Joto lenyewe ni chanzo. Banda la bati la chini, bila upenyo wa upepo, hufanya ng'ombe wa gredi aanze kuhema mdomo wazi saa sita mchana. Ezeka makuti au inua bati, fungua upande wa upepo wa bahari, na weka chakula kingi magharibi na usiku. Kuna mtego hapa: wakati wa joto kali ng'ombe hula kidogo na methani yake ya siku hushuka. Anayesoma safu ya methani peke yake kwenye daftari anashangilia. Atazame safu ya maziwa iliyo kando yake.

Magonjwa na uzazi nayo yaangaliwe. Ng'ombe mwenye minyoo, mwenye ugonjwa wa kiwele, au aliyekaa miezi bila kushika mimba hula na kuteuka kila siku kwa maziwa kidogo au hakuna. Kumpeleka kwa daktari wa mifugo ni hatua ya kupunguza methani, ijapokuwa hakuna anayeiita hivyo.

Majani ya jamii ya kunde husaidia pande zote mbili, protini na methani. Huku kwetu gliricidia na lukina huota vizuri kwenye ua. Gliricidia iachwe inyauke usiku mmoja ndipo ng'ombe aipende. Lukina isizidi theluthi ya chakula, kwa sababu ina sumu yake ndogo ya mimosini.

Nimeongeza machicha ya nazi, sasa anaharisha

Wazo lenyewe ni zuri. Mafuta hupunguza methani, kama asilimia 3 hadi 5 kwa kila asilimia moja ya mafuta inayoongezwa kwenye chakula kikavu, na mafuta ya nazi yana nguvu zaidi kwa sababu ya asidi ya lauri inayowakandamiza vijidudu vya methani. Mji huu unakuna nazi kila siku. Machicha hayana mwisho.

Tatizo ni kipimo. Mafuta yote kwenye chakula yakipita asilimia 6 au 7, vijidudu vinavyovunja ufumwele vinazimika pamoja na vya methani. Utaona ng'ombe anaacha majani horini, mavi yanalainika na kung'aa, na maziwa yanakuwa mepesi. Methani imepungua kweli, lakini kwa sababu mmeng'enyo umepungua. Acha machicha siku chache, rudisha majani mazuri, kisha anza upya kwa konzi chache ukiongeza taratibu kwa wiki mbili.

Sababu ya pili ni uchachu. Machicha yaliyokunwa asubuhi, yakakaa kwenye ndoo hadi jioni, yameshaanza kuchacha. Ya jana yana ukungu. Mashudu makavu ni salama zaidi, na mafuta yake hayabadilikibadiliki kama ya machicha ya nyumbani, ambayo mwingine kayakamua tui la kwanza tu na mwingine hadi la tatu.

Swali la mwani huja palepale. Majaribio ya nje yameonyesha mwani mwekundu wa Asparagopsis ukipunguza methani kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe wa nyama, kwa sababu una bromofomu. Mwani unaolimwa Kibuyuni na Mkwiro kule Kwale ni wa jamii nyingine, unaouzwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kuzitisha vyakula. Hauna kazi hiyo. Kuokota mwani ufukweni Nyali na kumlisha ng'ombe ni kumlisha chumvi na mchanga. Ipo pia dawa ya unga iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2022, iitwayo 3-NOP, ambayo hupunguza karibu asilimia 30 kwa ng'ombe wa maziwa, lakini lazima ichanganywe na kila tonge. Anayelisha kwa mikono mafungu mawili kwa siku hataipata faida hiyo yote.

Shimo la samadi linatoa mapovu

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mapovu yanayopanda kwenye tope la mavi, hasa mchana, ni methani na kaboni dioksidi. Unayaona kwa macho, bila mita.

Fuata hesabu. Mwongozo wa IPCC wa 2006 unamkadiria ng'ombe wa maziwa wa Afrika kutoa kilo 1.9 kwa siku za sehemu ya kinyesi inayoweza kuoza, ikipimwa kavu. Kila kilo inaweza kutoa hadi mita za ujazo 0.13 za methani. Kwa mwaka ni kilo 60 hivi. Hicho ndicho kikomo. Kiasi gani kinatoka kweli hutegemea umeyaweka wapi mavi hayo na kuna joto gani.

Kwenye shimo la tope lililo wazi, mahali penye wastani wa nyuzi 16, hutoka chini ya theluthi, kama kilo 17. Kwa wastani wa Mombasa, nyuzi 26 au 27, hutoka zaidi ya asilimia 70. Ni kilo 45 kwa ng'ombe mmoja, juu ya zile 70 za mbweu. Mavi hayo hayo yakikusanywa makavu kwenye rundo: kilo 3. Yakitawanywa shambani kila siku: chini ya kilo moja.

Hakuna lishe wala dawa itakayokupa punguzo kama hilo kwa gharama ya koleo.

Chanzo ni maji. Mtu anaosha sakafu kwa mpira kila asubuhi, mavi, mkojo na maji vinaingia shimo moja, na hewa haipenyi tena. Vijidudu vya methani vinataka mahali pasipo oksijeni, na umevijengea. Tiba: kwangua kwanza, osha baadaye. Weka mfereji mdogo wa mkojo wenye mteremko wake, usikutane na mavi. Rundika mavi mahali palipoinuka, changanya na vumbi la mbao, majani makavu au makumbi yaliyosagwa ili hewa ipite, ligeuze rundo kila wiki mbili au tatu. Ukichimba ndani ya rundo ukakuta weusi unaonata na harufu ya yai bovu, limezibika; liongezee vikavu uligeuze. Likiwa na joto na harufu ya udongo, liko sawa.

Mvua za mwaka huharibu kazi hii yote kwa usiku mmoja. Rundo bila paa mwezi wa Mei linageuka shimo. Makuti juu, mtaro kuzunguka. Na usiliache likae miezi, maana rundo la mbolea hutoa pia oksidi ya naitrojeni, gesi nyingine mbaya; peleka mbolea shambani, au mpe jirani mwenye mchicha.

Mtambo wa bayogesi upo, lakini...

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kulisema. Mtambo unachukua zile kilo 60 na kujitahidi kuzitoa zote. Zikiungua jikoni, umeshinda mara mbili, kwa methani na kwa mkaa ambao hukununua. Lakini ikivuja asilimia 5 tu, hizo ni kilo 3, sawa na rundo kavu. Ikivuja asilimia 20, ni kilo 12: kwa upande wa methani, afadhali usingejenga, ukarundika makavu. Mtambo mbovu unaoendelea kulishwa ni mashine ya kutengeneza methani na kuipeleka angani.

*Hakuna gesi kabisa, mtambo ni mpya.* Vijidudu bado havijaongezeka. Hata kwa joto letu, subiri wiki tatu au nne, na ukiweza omba ndoo kadhaa za tope kutoka mtambo unaofanya kazi. Gesi ya mwanzo ina kaboni dioksidi nyingi, haiwaki. Itoe nje, mbali na moto, kisha jaribu tena.

*Ilikuwa nzuri, imepungua.* Pima unacholisha. Kilo moja ya mavi mabichi hutoa lita 30 hadi 40 za gesi. Kilo 20 ni saa mbili hivi za jiko moja. Wengi wanaolalamika wameuza ng'ombe mmoja na kuendelea kutarajia gesi ya wawili. Kama ulishaji haukubadilika, angalia mchanga: sakafu zetu za mchanga hufagiliwa pamoja na mavi, mchanga unakaa chini ya mtambo na kula nafasi mwaka hadi mwaka. Piga sakafu ya saruji, na weka kizuizi kwenye kisanduku cha kuchanganyia.

*Imekufa ghafla.* Jiulize kilichoingia wiki iliyopita. Maji ya kuogeshea ng'ombe yenye dawa ya kupe? Dawa ya kuulia vijidudu ya kuoshea sakafu? Mavi ya ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu? Vyote huua vijidudu vya mtambo. Mavi ya ng'ombe mgonjwa yakae kando hadi dawa imwishe mwilini, na maji ya kuogeshea yasipite mtaro mmoja na samadi.

*Tope linatoka na harufu ya uchachu.* Umelisha mtambo kama binadamu: wali uliobaki, ugali, machicha, matunda. Vyakula hivyo huoza haraka na kutoa asidi kuliko vijidudu vya methani vinavyoweza kuimaliza. Mtambo unapenda kati ya 6.8 na 7.5 kwenye kipimo cha uchachu (pH). Chini ya 6.5 uko hatarini. Acha kulisha siku kadhaa, kisha rudi na mavi matupu na chokaa kidogo.

*Maji ya kisima ni ya chumvi.* Fundi wengi hukimbilia sababu hii, na mara nyingi wanaionea. Sodiamu huanza kusumbua vijidudu ikifika gramu 3.5 hivi kwa lita. Maji ya bahari yana karibu gramu 11. Kisima kilichochanganyika na bahari kwa theluthi, ambacho hata kufulia ungesita, ndicho kinachofika kiwango hicho, tena ukikichanganya na mavi nusu kwa nusu unakipunguza. Kisima cha Likoni chenye ladha ya chumvi kidogo hakina neno. Kinacholeta shida ni kubadilisha ghafla: umezoeza mtambo maji ya mfereji miezi sita, siku moja unaanza kisima kikali. Changanya polepole.

*Moto unapepesuka, unakata, unarudi.* Maji yamejaa bombani. Gesi hutoka na mvuke, ikipoa usiku inakuwa maji na kukaa kwenye sehemu iliyoinama. Weka kitoleo cha maji pale chini kabisa na ukifungue kila wiki.

*Moto ni wa njano na sufuria inaingia masizi.* Hewa haitoshi kwenye jiko. Zungusha pete ya hewa hadi uwe buluu. Ukiruka na kuzimika, hewa imezidi au gesi ni dhaifu.

*Nasikia harufu ya yai bovu ndani.* Zima kila moto, fungua madirisha, funga vali kuu. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Tundu litafutwe kwa povu la sabuni kwenye kila kiungio, kamwe si kwa kiberiti. Na harufu ikipotea ghafla usitulie. Hidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa pua. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asiingie ndani ya mtambo kusafisha, hata ukiwa mtupu. Chumvi ya bahari na salfa hiyo hula chuma kwa pande mbili, nje na ndani, kwa hiyo mabomba yawe ya plastiki na vali za shaba zikaguliwe. Mifuko ya plastiki ya kuhifadhia gesi huchanika kwa jua. Iweke chini ya makuti.

*Sijui kama unavuja.* Chukua mpira unaong'aa, ukunje kama herufi U, ujaze nusu yake maji yenye rangi, uunganishe na bomba la gesi. Usiku baada ya kupika funga jiko, piga alama ya maji kwa kalamu. Asubuhi, kabla ya mtu kuwasha chai, angalia. Mtambo unatengeneza gesi usiku kucha, kwa hiyo maji yanatakiwa yawe yamepanda upande wa nje. Yakibaki palepale au yakishuka, huenda kuna tundu mahali. Zoezi hili lina thamani kuliko mita yoyote ya dukani.

*Shimo la kutokea tope lina mapovu.* Mavi yanatoka kabla ya kumalizika kuoza, kwa kawaida kwa sababu ya maji mengi. Rudi kwenye ndoo moja ya mavi kwa ndoo moja ya maji, na tope linalotoka lipelekwe kwenye matete siku hiyo hiyo.

*Gesi inazidi matumizi.* Mkisafiri kwenda arusini Lamu wiki nzima, mtambo hauendi nanyi. Punguza kulisha siku chache kabla, muachie jirani ufunguo apikie. Ikibidi, iwashe jikoni iungue bure. Gesi iliyoungua bure imekuwa kaboni dioksidi. Iliyoachwa ipumue kwenye kitoleo ni methani kamili.

Mimi sina ng'ombe, nina mpunga

Mombasa hakuna mabonde ya mpunga, lakini wengi wetu tuna shamba la familia Kwale au Delta ya Tana. Mpunga uliofurika maji siku zote hufanya kazi ileile ya shimo la samadi, na duniani kote hutoa asilimia 8 hivi ya methani ya binadamu. Dalili ni mapovu ukikanyaga tope na harufu ya salfa.

Tiba ni kukausha na kulowesha kwa zamu, na inaweza kukata methani hiyo kwa karibu nusu. Toboa matundu kwenye bomba la plastiki la sentimita 30, lifukie ardhini hadi nusu au zaidi, utoe udongo uliomo ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia maji tena. Magugu yakikulemea, sababu ni kwamba umekausha mapema mno. Liache shamba na maji wiki mbili za mwanzo baada ya kupandikiza. Majani yakianza kujikunja, umechelewa kufungulia. Na wakati wa kuchanua, shamba libaki na maji, bila zamu yoyote, hadi punje zianze kujaa.